Bwana Aliniachia Miguu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe kwa pumzi zetu na kwa upepo wa mabomba!

Mnanijua. Mimi ndiye mzee anayewapa mgongo kila Jumapili, maana mpiga kinanda ndivyo akaavyo. Tangu ujana wangu nakipiga kinanda chetu kikubwa cha mabomba, na muziki niupendao kupita wote ni wa Baroko, uliotungwa Ulaya karne nyingi zilizopita. Sauti moja hutangulia, ya pili huifuata ikirudia wimbo uleule, ya tatu huingia, wala hakuna inayoimeza nyingine. Nilipoupiga, niliona jinsi mbingu zilivyopangwa!

Kisha kiharusi kikaniangusha. Mkono wa kushoto ukafa. Ndugu zangu, nililia! Nyumbani, mtaani Tudor, nilizima hata redio. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma, nikikitazama kinanda kimefunikwa shuka. Nikamwambia Mungu: umeninyamazisha, basi nami nanyamaza. Sikuomba tena.

Asubuhi moja tukinywa chai, mke wangu akakidaka kikombe chake.

"Baba Neema, meza yatikisika! Wacheza ngoma huko chini?"

"Nicheze nini na mkono huu?"

"Mkono nani kautaja? Tazama miguu yako! Mahamri yangu yataruka."

Nikachungulia. Miguu yangu ilikuwa ikipiga besi, sauti ya chini ya muziki ule, noti kwa noti, wala sikuiamuru!

Kumbe nilisahau! Kinanda cha mabomba kina vibao vya miguu pia, na watunzi wale wa kale hawakuifanya miguu mtumwa wa mikono. Waliipa wimbo wake. Nikarudi kwenye kinanda. Mkono wa kulia ukashika sauti za juu, miguu ikabeba besi, na palipowezekana ikaibeba hata sauti ya mkono uliokufa. Vifundo vya miguu vilivimba. Nilikosea, nikarudia, na kila nikirudia nilijikuta naomba.

Asubuhi ya Pasaka mlisikia wenyewe. Madirisha yalitetema! Nilipotoka kanisani, Bi Zuhura, Mwislamu jirani wa kanisa letu hapa Mji wa Kale, akaniita kutoka dirishani kwake: "Mzee, kumbe u hai! Jumapili zote hizi naunguza maandazi. Kinanda chako ndicho saa yangu ya jikoni!"

Mkono haujapona, mwauona umelala. Lakini mimi nimefunguliwa! Kilichokufa kwangu kilikuwa sifa, nayo imefufuka. Wewe uliyepokonywa kimoja ukadhani umepokonywa vyote, mtumaini Bwana. Chungulia chini ya meza yako, huenda ameshaanza.

Sasa simameni tuimbe. Mimi naenda kuwapa mgongo.