Barua Isiyo na Bahasha

Benchi letu liko Koboko, mbele ya kibanda cha kahawa cha Nasuru, hatua chache kutoka ninapoegesha lori la Mzee Soro. Mwaka ule wa tisini na mbili kahawa ya Nasuru ilikuwa chungu, maana Soro, mwenye sukari yote ya mji, alikataa kumkopesha tena. Kisa chenyewe ni hiki: mwenzetu Soka alimpeleka mkewe Keji hospitali moja upande wa Arua, akapasuliwa tumbo, na Nasuru akaweka dole gumba kwenye karatasi kumdhamini. Pesa zikashindikana. Soka akamtorosha mkewe kupitia tundu la ua wa hospitali. Sasa kidonda cha Keji kimefunguka, homa imepanda, na Soka amekaa nasi tangu asubuhi akitafuta wa kumkopesha. Dereva wa lori hilo ni mimi. Nisikilizeni tu, msinipende.

Nasuru: Kunyweni pole pole. Hii birika ni ya mwisho. Bila sukari, mutu gani nanunua kahawa?

Soka: Nisamehe, ndugu yangu. Ni mimi nakuharibia jina.

Nasuru: Jina iko kwangu bado. Sukari ndiyo hakuna.

Severino, karani wa zamani tunayemwita Waziri, aliweka kikombe chini. Huyo akiweka kikombe chini, ujue hotuba inakuja.

Severino: Soka, wewe hapana jilaumu. Kosa ni ya hospitali. Wahenga nasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wao kwa nini haizibi ile tundu?

Soka: Waziri, mimi nataka kujua kitu moja tu. Nani naambia Soro habari ya deni?

Severino: Ofisi! Hospitali nasukuma majina kwa serikali, kule Arua Hill. Pale iko kitabu kubwa. Kila mwenye duka napewa karatasi yake.

Tahiru akacheka. Huyu tunamwita Kapteni kwa sababu ya baba yake aliyekuwa jeshini, yeye mwenyewe bunduki hajawahi kushika.

Tahiru: Karatasi gani? Ni redio koli, kama ya jeshi. Saa hii jina ya Soka iko Ariwara ya Zaire, iko Yei ya Sudan. Ukienda Zaire kukopa hata chumvi, mutu ya Zaire nakuuliza, tumbo ya Keji nalipwa?

Soka: Jana mimi napigia Soro magoti. Nasema, hata lori tu, peleka Keji Arua, nauli nitaleta. Yeye nasema, mutu nakimbia daktari, mimi ni nani asinikimbie?

Hapo nikainamisha kichwa. Redio koli gani, kitabu gani! Wale wa hospitali walinipa barua nimletee Nasuru, karatasi imekunjwa mara mbili, bahasha hakuna. Soro akaiona mkononi mwangu, naye hajui kusoma. Akaniuliza, hiyo inasema nini? Nikamsomea kwa sauti juu ya magunia, deni la Soka na jina la mdhamini wake, watu wakisikia, kwa sababu napenda waone kwamba dereva naye anasoma. Basi. Na jana Soro akaniagiza: mtu wa Soka asipande bila nauli. Nikajibu ndiyo mzee. Ninajichukia nikikumbuka ile ndiyo.

Severino: Dawa ni kubadilisha jina. Kuanzia leo wewe ni Ocama. Ocama hana deni.

Nasuru: Na dole gumba yangu? Nayo tunaibadilisha?

Tahiru: Ngoja, ngoja. Iko njia ya uhakika. Tangaza Keji nakufa. Piga matanga siku tatu, peleka habari hospitali. Deni ya maiti nani nadai? Wanafuta, Soro nafungua sukari, sisi nakunywa tamu.

Severino: Mvumilivu hula mbivu!

Nilicheka nao. Kweli, nilicheka. Soka hakucheka. Alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

Ndipo akaja mama mmoja na kitita kichwani, miguu imejaa vumbi.

Severino: Aa, mgeni njoo, mwenyeji apone! Karibu, mama.

Soka akasimama haraka kumpokea shangazi wa mkewe.

Soka: Shangazi Viktoria!

Viktoria: Mimi natoka Ombaci, nasikia mtoto yangu ni mgonjwa. Nafika kwako, nakuta yeye peke yake kwenye mkeka. Hakuna maji. Mwili ni moto, hanijui. Majirani nasema baba ya nyumba iko kahawani.

Soka: Shangazi, mimi natafuta pesa...

Viktoria: Hapa?

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akalitazama lori.

Viktoria: Ile motoka nakwenda?

Nasuru: Nakwenda, mama.

Viktoria: Petroli iko?

Nasuru: Iko.

Viktoria: Dereva iko?

Nasuru akanitazama. Waziri na Kapteni wakanitazama pia.

Viktoria: Sasa nyinyi nangoja nini?

Waziri, mwenye methali kwa kila jambo, akainua kikombe chake kitupu akakipeleka mdomoni. Kapteni akapangusa viatu. Nasuru aliinamisha birika juu ya kikombe changu, halikutoka hata tone. Soka alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda kwake, shangazi nyuma yake akimwita Keji kwa sauti, kama vile Keji angeweza kusikia kutoka kule.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika mpaka ukapata joto, na bado nilikuwa nimekaa.