Safari Hii Aliulizwa

Ndugu waombolezaji, karatasi hii imeandikwa na mume wa marehemu, nami familia imenituma niisome kama ilivyo.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule mlimani, mtoto wa kwanza kati ya wawili, wote wa kike, akamaliza shule ya msingi huko huko mwaka 1975, wakati shamba la baba yake lilikuwa limechoka hata halirudishi mbegu.

Tarehe 2 Septemba 1980 familia ilihamia hapa kwa mpango wa kuhama kwa hiari, na hiari hiyo ilikuwa sahihi moja, ya baba, maana fomu ilikuwa na mstari mmoja tu. Mama alipata habari akiwa anapepeta mahindi, na marehemu, msichana wa miaka kumi na tisa, aliambiwa afunge vyombo. Waliokuja na ng'ombe wa kulimia na vijana wa kiume walifyeka pori, wakavuna, wakapigwa picha. Nyumba yao, ya wanawake watatu na mzee mwenye pumu, iliambulia ekari moja, na maji yalikuwa mwendo wa saa moja na nusu.

Kisima kilipochimbwa karibu, pampu yake iliharibika kila mwezi, marehemu akajifunza kuifungua kwa kumtazama fundi mgeni, na kuanzia tarehe 1 Julai 1985 akawa fundi pampu wetu kwa miaka thelathini na sita.

Mwaka 1986 alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu kuchunguza ni nani aliyenufaika na mpango, akawahoji wakuu wa kaya aliowakuta, akazipita nyumba zenye kufuli, ambazo wenyewe walikuwa wamerudi mlimani kimyakimya. Alipomuuliza marehemu, aliyekuwa amechuchumaa penye pampu, mikono imejaa grisi, alijibiwa bila kutazamwa: "Jiandike wewe, kaka. Digrii utaipatia hapa." Aliipata digrii, akapata na kazi ya ofisini, na tarehe 10 Desemba 1988 akampata marehemu mwenyewe, wakafunga ndoa.

Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1990, 1993 na 1997, ambao wote wamehamia mbali, kila mmoja akiwa ameulizwa na mama yake mara mbili kama kweli anataka.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2021. Januari mwaka huu wa 2024 baba zake wadogo walikuja wodini, wakapanga azikwe mlimani alikozaliwa, na mumewe, kwa uchovu, alikuwa amekwisha kuitikia, marehemu alipofumbua macho na kusema, "Baba mdogo, safari hii niulizeni mimi." Wakamuuliza. Akasema ni hapa, kiwanja chake namba 88, kwa kuwa amechokea hapa. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliochota maji ya msiba bila kuitwa, na wenzake wa kamati ya maji. Mumewe anawaona pia mlioketi kule nyuma, mliorudi mlimani, ambao utafiti wake haukuwahesabu, na anawaomba radhi.

Spana, umeulizwa, umejibu. Pumzika hapa, kwa amani.