Shangazi Aliyetufundisha Kunyamaza

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, mtafiti wetu mwandamizi wa ugonjwa wa Parkinson anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti. Hapa kitengoni, kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi, anaitwa Shangazi, kwa sababu hutugombeza kwa haki, kisha hutugawia karanga ili tusinune.

Alianza kama muuguzi wa wodi, enzi ambazo ugonjwa huu ulitazamwa kwa mikono inayotetemeka na miguu inayoburutwa tu. Yeye akaanza kuuliza habari za moyo na akili: nani amekosa raha, nani amepoteza hamu, nani fikra zake zimekuwa nzito. Wakubwa wakamwambia huzuni haina rula. Akarudi darasani na watoto wake mgongoni, akasoma hadi uzamivu, akaja na rula.

Vipimo vyake alivijaribu kwanza kwetu sisi wazima. Mkurugenzi alitakiwa kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akataja kuku mara tatu. Mpaka leo akiingia mkutanoni, viti vya nyuma huwa havikosi jogoo wa kuwika.

Lakini aliyetubadilisha ni fundi seremala mmoja. Aliletwa na wanawe, ambao walishakubaliana kwamba akili ya baba imekwisha na karakana iuzwe. Msaidizi aliyempima alikuwa na huruma kupita kiasi. Kila mara mzee huyo alipochelewa kujibu, alimdokezea, au akarukia swali linalofuata ili asimwaibishe. Matokeo yakawa mabaya, na mzee akaondoka ameinamisha kichwa.

Shangazi alipoyaona matokeo hayo alichukia kweli kweli. Akamwita tena fundi, safari hii saa ambayo dawa zake huwa zimeshaanza kufanya kazi. Akauliza swali, akafunga mdomo. Sisi tuliokuwa nyuma ya kioo tulitamani kujibu wenyewe ili yaishe. Majibu yakaja moja moja, na mengi yalikuwa sahihi. Akili ilikuwepo, ila ilitembea polepole, tena imebeba sonona, ile huzuni nzito ya kiugonjwa, ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza mzee habari zake. Akatibiwa, na wanawe wakafundishwa kumngoja. Karakana haikuuzwa, na randa bado inalia humo.

Tangu hapo, methali ya “mgonjwa haulizwi uji” ni marufuku katika chumba chetu cha vipimo. Kwa Shangazi mgonjwa huulizwa, kisha husubiriwa, na sasa hivyo ndivyo watafiti wote wapya wanavyofunzwa. Nyumbani kwake sheria hiyo haikuwa na huruma. Mumewe anatuambia watoto wao hawakuwahi kuficha kikombe kilichovunjika, maana mama aliuliza mara moja tu, kisha akakaa kungoja jibu.

Shangazi, ahsante kwa kazi, kwa makaripio na kwa karanga. Tutakukosa sana, na hilo hatulifichi. Tunakuombea afya njema, usingizi usio na kengele, na wajukuu wenye majibu marefu.

Neno la mwisho katika hafla ya leo ni la fundi seremala, ambaye ameomba mwenyewe kumshukuru Shangazi. Wasemaji wengine wamepewa dakika tano tano. Kwake hatukuandika muda. Akisita katikati ya sentensi, tafadhali mtu asimmalizie.