Mwanamke Asiyenijua Aliniwekea Nyumba Yake

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitoa ndani nikiwa nimeshakata tamaa. Mama zangu na dada zangu mliobaki hapa baada ya maulidi, asalaam alaykum. Niliombwa niseme kwa mdomo, lakini mimi nikisimama mbele za watu hutetemeka. Kwa hiyo nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Nivumilieni.

Mimi ni mshonaji. Sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu za mama yangu nikaona zilivyoshikana, kisha nikazishona upya. Mshono ukienda upande sipati usingizi. Hata pindo la buibui langu, ambalo hakuna anayeliangalia, nililishona mara mbili na kutia fundo dogo katika kila pembe. Naishi na mama katika chumba cha kupanga huko Ng'ambo. Macho yake hayaoni vizuri, na hana mwengine ila mimi.

Ndugu zangu, mnajua tunavyofanya harusini. Siku moja nilialikwa harusi Malindi, hapa hapa Unguja mjini. Tulipoingia katika nyumba ya harusi tulivua mabuibui tukayarundika kitandani, yote meusi, yote sawa. Magharibi ilipokaribia nilimkumbuka mama, nikawa wa kwanza kuondoka. Nikachukua nililodhani ni langu. Nyumbani, gizani, mawazo yangu yakiwa kwa mama, nikalikunja pembe kwa pembe, kama nilivyozoea, nikaliweka sandukuni.

Asubuhi akaja askari na mwanamume nisiyemjua. Dada wa mwanamume huyo, Bi Zuhura wa Chukwani, alipotelewa na buibui lake harusini. Mkufu wake wa dhahabu ulikatika wakati wa ngoma, akaufunga katika leso na kuibana leso kwa pini ndani ya buibui. Kwa kuwa mimi nilitangulia kutoka, walianzia kwangu. Sanduku likafunguliwa. Buibui lilikuwa lake, na mkufu ulikuwamo.

Askari akalinyanyua lile buibui akamwambia yule mwanamume, "Tazama lilivyokunjwa. Mtu aliyekosea hakunji namna hii. Huyu kaficha."

Unadhifu wangu ndio ulionipeleka korokoroni.

Kortini hakimu aliniuliza kama nina mdhamini, mtu mwenye nyumba au shamba, wa kuahidi kwamba siku ya kesi nitafika. Nina nani mimi? Mama yangu hana hata mnazi mmoja. Nikarudishwa rumande. Hilo linanishangaza mpaka leo, ndugu zangu. Mwenye mali hurudi kwake akala chakula chake, asiye na mali hungoja ndani, na wote wawili hawajaonekana na kosa.

Mle ndani kulikuwa na mwanamke aliyeshapazoea. Akanishauri, "Kubali tu, mdogo wangu. Ukikataa utaozea hapa ukingoja kesi. Ukikubali utafungwa kidogo, utatoka."

"Lakini sikuiba."

"Nani kakuuliza kama umeiba? Nnakuuliza, unataka kutoka?"

Nilishayapanga maneno ya kukubali. Niliyarudia moyoni nisije nikakosea hata neno. Nilimfikiria mama akipapasa jiko asiungue, nikaona bora niitwe mwizi.

Siku niliyorudishwa mbele ya hakimu, kabla sijafungua mdomo, mwanamke mnene alisimama nyuma, katikati ya wanaume. Nanyi mnajua, kwa mwanamke wa mji huu kunyanyua sauti kortini si jambo dogo. Alisema nyumba yake ya mawe iko Kiponda, na anaiweka dhamana kwa ajili yangu.

Hakimu akamuuliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Simjui," alijibu. "Lakini nimesikia mama yake yuko peke yake. Na mimi nyumba yangu haina pa kwenda."

Huyo alikuwa Bi Mwanakheri. Yeye na wenzake wa kikundi cha ngoma ya lelemama, wenye nyumba na wenye mashamba, wamepeana zamu ya kupita kortini na kuuliza nani amekosa mdhamini. Hawadai kitu.

Tulipotoka nje aliniambia, "Ukikimbia, nitahamia barazani kwako."

"Bibi, mimi sina baraza."

"Basi usikimbie."

Ndipo nikaweza kufanya jambo ambalo ndani nisingeliweza. Kama nilichukua buibui la mtu, langu lilibaki wapi? Nilikwenda na Bi Mwanakheri mpaka nyumba ya harusi. Mama wa bibi harusi akatwambia, "Lilibaki moja. Tukampa Bi Zuhura ajisitiri arudi nalo kwao."

Aliyenishitaki alikuwa akivaa buibui langu!

Tukenda Chukwani. Bi Zuhura alitupokea kwa uso mkavu. "Mmekuja kuniomba radhi?"

"Tumekuja kuomba buibui," alisema Bi Mwanakheri.

Akalileta. Kabla hajalikunjua nikamwambia, "Shika pembe zake, bibi. Kila moja ina fundo dogo, na pindo limeshonwa mara mbili." Akapapasa pembe ya kwanza, akapapasa ya pili, kisha akakaa chini kitako.

"Ya Rabi," alisema. "Kila nikitoka navaa hili. Na kila nikitoka nakuapiza."

Alikwenda kortini mwenyewe, amelivaa, akaeleza. Nikaachiwa.

Ndugu zangu, jambo hili bado linanitisha. Ningalibaki ndani, ningalikuwa mwizi kwa kauli yangu mwenyewe, na ushahidi wangu unatembea Chukwani juu ya kichwa cha aliyenishitaki. Mwenyezi Mungu aliniokoa, na alimtuma mtu asiyelijua hata jina langu.

Siku hizi na mimi nina zamu yangu. Leo asubuhi nimemkuta kortini mchuuzi wa samaki, mtu wa Tumbatu, hana jamaa hapa mjini. Anasema hakufanya. Mimi sijui kama alifanya au hakufanya, na hata mimi hakuna aliyekuwa akijua. Nyumba ya Bi Mwanakheri na za wenzake zimeshawadhamini wengine. Kesho hakimu atamuuliza yule mtu swali lile lile aliloniuliza mimi.

Mtegemeeni Mungu, mama zangu, msiogope. Nitakuwa mlangoni mwa korti tangu asubuhi, nikimngojea mmoja wenu. Mimi sina nyumba. Nyinyi mnazo.