Nilimshukuru Bila Kumuuliza

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Mniruhusu nisimame hapa karibu na mlango, maana nikija katikati nitaona nyuso zenu zote na nitashindwa.

Jumapili iliyopita ndugu yetu mmoja alisimama akasema habari za pombe, tukacheka, tukalia, tukampa mkono. Nilimwonea wivu. Pombe kila mtu anaielewa. Ya kwangu haina pombe wala mume wa mtu. Ilianza na kutoa asante, na nimekaa nayo miaka yote hii hapa Nyarubungo bila kumwambia hata mama mkwe wangu, ambaye namwona pale ameshaanza kushangaa. Mama, vumilia, utasikia yote.

Mnaikumbuka miaka ya wakimbizi. Ninyi wa Biharamulo mliwaona wakipita, sisi wa Ngara tuliishi nao. Kuni zilikuwa mbali, bidhaa sokoni zilikuwa nyingi, na kila ukoo ulikuwa na mtu anayefanya kazi kambini. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Murukulazo, ila nilikuwa nimesoma kompyuta Mwanza, basi nikapewa kuangalia chumba cha kompyuta pale Ngara mjini. Wageni fulani walikianzisha, wakaondoka wakatuachia dishi juu ya bati na jenereta lenye hasira.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nafanya, maana wengine mtasema huyu anasema nini. Zile tovuti ambazo vijana wenu wanazifungua kwenye simu, hazijiotei zenyewe. Kuna watu wanakaa wanaziandika kwa lugha ya kompyuta, na namna ya kuziandika inabadilika kila mwaka. Mwaka huu fundi anapanga ukurasa hivi, mwakani anaambiwa hiyo ni ya kizamani. Kijana wa Ngara aliyejifunza juzi anabaki nyuma, na hana hata habari. Ndipo nikapata wazo: kila mwaka tuandike ripoti kwa Kiswahili, tuseme mwaka huu tovuti zinatengenezwaje, nini kimeingia, nini kimetoka. Sura moja ihusu picha, nyingine rangi na mpangilio, nyingine programu zinazofanya ukurasa ujibu ukibonyezwa. Tuichapishe kwenye karatasi kwa wasio na mtandao, na tuiweke kwenye mtandao pia.

Wa kuandika walikuwa watu wa kujitolea. Ndugu zangu, nawaambia, kupanga watu usiowalipa ni kazi ya kukutoa mvi. Huyu ana maharage ya kuvuna, yule ana msiba, mwingine anasema sura iko tayari kichwani, bado kuandika tu. Mmoja aliniletea sura aliyoinakili nzima kwenye tovuti ya watu, hata salamu zao za mwanzoni hakuziondoa. Niligomba, nilibembeleza, nilipika chai. Sikuwa na kitu cha kuwapa ila jina. Nikawaahidi kwamba ukurasa wa mwisho wa ripoti utakuwa wa shukrani, kila mtu na jina lake na picha. Hapo wakaanza kuandika.

Kati yao alikuwepo mkimbizi mmoja wa Burundi, mwalimu wa shule ya kambini, aliyekuwa amesomea kompyuta kwao kabla ya vita. Nitamwita Mwalimu tu. Alikuwa mbishi, jamani. Kila sura ya mwenzake alikuwa na neno. Yeye sura yake ilihusu uzito wa kurasa. Alisema mafundi wanapakia mapambo mpaka ukurasa unashindwa kufunguka kwa mtu mwenye mtandao dhaifu kama wetu, kisha wanajisifu kwamba umependeza. Nilimpenda kwa hilo, na alinikera kwa hayo mengine yote.

Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Mwalimu hakuwa nacho. Mimi nilijua, tena ni mimi niliyemwita. Nilimwambia njoo kila Jumamosi na baiskeli yako, Kirundi chenu na Kihangaza chetu vinaelewana, hakuna atakayekuuliza. Akawa anakuja. Siku nilipokuwa naandika majina ya ukurasa wa shukrani, aliniambia, "Dada, jina langu acha." Nikadhani ni adabu tu. Mtu amefanya kazi kubwa hivi, nisimtaje? Nikacheka, nikaliweka jina lake juu ya mengine yote, na picha ya kikundi ambayo yeye yuko katikati. Moyoni nilijiona mtu mwema sana.

Hapo bado, sijafika kwenye aibu yenyewe.

Ripoti ilipotoka, nilitaka sifa. Ningeweza kutulia, lakini mimi napenda kupigiwa makofi, mnanijua. Nikavaa kitenge kipya, nikaipeleka mwenyewe katika ofisi moja ya wakubwa. Afisa alinipokea vizuri, akafunua kurasa moja moja, akasifu. Alipofika ukurasa wa mwisho akaishika ile picha karibu na macho. Akauliza, huyu si mwalimu wa kambini? Anafanya nini mjini, na kwa kibali gani?

Niliona chumba changu kinafungwa. Niliona mshahara wangu unaondoka, na mimi mwenyewe naulizwa kwa nini nimemtoa mkimbizi kambini. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Alituambia ni mtu wa Murukulazo."

Kwetu. Nilichukua kwetu nilikozaliwa nikamvika mtu uongo nako.

Labda hamjaona ubaya wake. Mkimbizi akikutwa nje bila kibali alirudishwa kambini, akaonywa. Lakini mkimbizi aliyejifanya Mtanzania huyo ni mdanganyifu, na siku zile mtu wa namna hiyo angeweza kupelekwa ng'ambo ya mpaka, kule alikokimbia. Mwalimu alikuwa na mke na watoto watatu. Nilitoka ofisini nikajiambia wataliacha lipite. Sikumtumia hata ujumbe asije.

Jumamosi akaja na baiskeli yake kama kawaida, askari wawili wakamkuta mlangoni pa chumba chetu. Hakuficha kitu. Aliwaambia, "Mimi ni wa kambini, nakuja hapa kusaidia, muulizeni huyu." Nami nilikuwa nimesimama pale pale kizingitini, watu wa kujitolea nyuma yangu. Akanigeukia, akasema, "Dada, waambie."

Nikayarudia maneno yale yale. Mbele yake. Nikamwangalia kifuani, si usoni, nikasema alituambia ni mtu wa Murukulazo.

Hakubishana. Yule mtu aliyebishana nasi juu ya kila mstari siku hiyo hakubishana. Aliomba tu baiskeli ifikishwe kwa mkewe, wakaenda naye.

Niwaambie nini tena? Baada ya hapo nilikaa pale wiki moja tu. Watu wangu hawakunigombeza, waliacha kuja tu, mmoja mmoja, na mimi nikashindwa kukaa peke yangu na zile kompyuta. Baiskeli iliegemea ukuta na sikuthubutu kuipeleka. Nikafunga chumba nikasema naumwa, nikapanda lori mpaka Lusahunga, pale njia panda. Nikapata kibanda kwa mama mmoja, nikawa nawauzia madereva chai na maandazi. Hakuna aliyenijua. Kanisani sikwenda, maana sala ya kukiri sikuweza kuisema. Nilikonda. Niliona haya hata madereva wakinishukuru kwa chai.

Siku moja likasimama lori linaloelekea Mwanza, akashuka dada mmoja wa Kisukuma, mke wa mfugaji, aliyekuwa ametuandikia sura ya picha. Alikuwa anakwenda kumwuguza mama yake. Nilitaka kuingia nyuma ya kibanda, akanikamata mkono. Akaagiza chai, akaketi, akainywa yote. Ndipo akasema, "Wewe unauza chai, mwenzio bado yuko mahabusu kwa neno lako."

Akanieleza kwamba shauri lote limesimama juu ya hilo moja, kwamba Mwalimu alidanganya uraia. Yeye anakataa, lakini hana shahidi. Mkewe amefika ofisini mara nyingi, wanamwambia mwenye chumba alisema hivyo. Akauliza kama niko tayari kurudi siku hiyo hiyo. Nikasema naogopa. Akasema anajua, akalipa chai yake, akapanda lori.

Sikusikia sauti yoyote kutoka juu, nisiwadanganye. Nilisimama pale na kikombe chake mkononi, nikaona kwamba nikikiosha na kuendelea na kazi, basi nitakuwa mtu wa namna hiyo maisha yangu yote. Nikamwomba mama mwenye kibanda aniruhusu. Nikapanda gari la kwanza la kurudi Ngara.

Kwa afisa nilikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu wanarudi makwao. Nilipoitwa nilisimama, nikasema, "Mimi ndiye niliyemwita. Nilijua ni mkimbizi tangu siku ya kwanza. Murukulazo ni kwetu mimi, yeye hajawahi hata kulitaja jina hilo." Akaniuliza kama naelewa ninachojiletea. Nikasema naelewa. Maneno yangu yaliandikwa, nikatia sahihi. Nilifukuzwa kazi, nikaonywa kwa maandishi, na baba yangu, Mungu amrehemu, hakusema nami mpaka mavuno. Mwalimu aliachiwa, akarudishwa kambini. Hakupelekwa ng'ambo.

Nikaomba kibali cha kuingia kambini, nikaisukuma baiskeli yake mpaka kwake. Mkewe aliipokea, hakunikaribisha kiti. Nilipiga magoti pale nje nikaomba msamaha, majirani wanatazama. Mwalimu akaanza kunigomba, na mnajua alinigomba kwa lipi? Kwamba nilikata aya mbili za sura yake bila kumwuliza. Nililia kwa furaha kusikia anabisha. Baadaye ndipo akanieleza kuhusu jina. Habari ya kibali alikuwa haiogopi sana. Aliogopa watu wa kwao, wale waliomfukuza, ambao wangeweza kuiona picha ile kwenye mtandao popote walipo. Nilirudi mjini nikamwomba aliyechukua nafasi yangu aniachie kompyuta moja, nikaufuta ukurasa ule.

Mwaka uliofuata, yule dada wa Kisukuma alitupa ua wa nyumba yake tukutane humo. Sikuwa na chumba wala mshahara. Walirudi wachache, na niliwaambia wote nilichofanya, nikaanza upya kuwaomba sura. Safari hii nilimwuliza kila mmoja pembeni, je, unataka utajwe? Wako waliotaka kwa herufi kubwa. Wako waliosema hapana, na sikuuliza kwa nini. Mwalimu aliniletea sura yake kupitia mkewe, ndefu kuliko zote, imejaa ubishi. Niliichapa bila kukata neno.

Kambi ilipokuwa inafungwa na watu wanarudishwa kwao, nilikwenda kuwaaga. Malori yalikuwa yanajaa vyombo na mbuzi na watoto. Mwalimu alinipa mkono. Nikamwuliza waziwazi kama amenisamehe, maana nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Akasema, "Nimekusamehe, dada. Lakini usinitafute."

Ndugu zangu, kazi nilipata tena, mume nilipata, na Mungu amenipa ninyi. Ripoti yetu iliendelea mpaka vijana wengine wakaichukua. Nimeinuka, nakiri nimeinuka. Lakini aibu haijaisha, na sitaki iishe upesi, maana ndiyo inayouzuia mdomo wangu. Kama mna la kuchukua kwangu, chukueni hili: kabla hujamshukuru mtu mbele za watu, muulize kama anataka. Na ukisema uongo juu ya mwenzio, rudi mwenyewe ukauondoe, usingoje mtu ashuke kwenye lori.

Namshukuru dada aliyeinywa chai yangu akaniambia ukweli. Namshukuru mama wa kibanda aliyenifungulia mlango wa kwenda. Namshukuru mke wa Mwalimu, ambaye hakunipa kiti, na alikuwa na haki.

Siku hizi ninakaa mbele ya kompyuta kila siku. Kutafuta mtu ni kuandika jina lake tu na kubonyeza. Nataka sana kujua kama watoto wa Mwalimu wamekua, kama bado anabishana na watu, kama yuko hai. Kuna siku huwa nimeshaandika herufi za mwanzo, kisha nazifuta. Simtafuti.