Kapitolina Yegorovna na Wanyama wa Topeni

Baada ya miaka thelathini na minane katika kituo chetu cha utafiti, hapa mto Onega unapoingia baharini, Kapitolina Yegorovna Shestakova anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alikuja mwaka 1986, buti zikimpwaya, akapewa meza karibu na jiko la kuni. Kazi yake ilikuwa wanyama wadogo wanaoishi ndani ya tope pale maji ya mto yanapochanganyika na ya Bahari Nyeupe: minyoo myembamba kama uzi, kamba wasiofikia punje ya mtama. Sisi tuliona tope tu. Yeye aliinua kichwa kwenye hadubini na kusema, "Njooni mwone, huyu ana mayai," nasi tukaacha chai ipoe. Chumba kilinuka moshi, tope na maandazi ya samaki ya mama yake. Harufu ile tunaikumbuka mpaka leo.

Aprili 1993 haisahauliki. Majira yote ya baridi alikuwa ametoboa barafu na kuchota tope la tasnifu yake, akilihifadhi kwenye kibanda kisiwani. Siku ya kulirudisha, aliongozana na dereva wetu, Pimen Lodygin, pikipiki ya theluji ikivuta sleji iliyojaa makopo ya tope hilo. Karibu na ufuko barafu ikapasuka. Kapitolina alirukia upande mgumu. Pikipiki ikazama, na Pimen akabaki aking'ang'ania ukingo, huku sleji ikiinamia majini.

"Yegorovna, okoa makopo yako," Pimen alisema. "Mimi najua kuogelea."

"Tangu lini? Nyamaza, shika hii."

Kamba pekee ilikuwa ile iliyofunga makopo. Aliifungua, akamrushia Pimen, akavuta. Nyuma yake makopo yaliteleza, yakazama yote.

Tasnifu ilichelewa miaka mitatu, na ukuu wa maabara ukaenda kwa mtu mwingine. Mbele yetu hakulalamika. Mke wa Pimen, aliyemkaushia nguo siku ile, anasema Kapitolina alilia kama mfiwa, kisha akaomba chai ya pili.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi barafuni, na Pimen alikataa katakata dereva mwingine ampeleke. "Mimi ndiye niliyemzamishia," alisema, "acheni nimchotee." Tope hilo jipya lilikuwa na majike wenye mayai, katika miezi ambayo sote tulidai viumbe hao wamelala. Aliwaonyesha hata wapishi. Mwaka 2001 maabara ikawa chini yake.

Tumemuuliza atafanya nini sasa. Amejibu kwamba, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, atakaanga samaki bila kumpasua utumbo kuangalia alikula nini.

Asante, Kapitolina Yegorovna. Tunakuombea afya, jiko lenye moto, na samaki watamu.