Mguu wa Kushoto wa Mzee Pyo

Niinueni, wanangu, niegemezeni ukutani, na wewe Deok-hwan acha kutazama saa, maana msafiri hapa ni mimi, si wewe. Nyumba hii ni yako, kama ilivyo ada kwa kifungua mimba wa kiume, na sadaka za mababu ni mzigo wako na mkeo. Shamba la mpunga la kando ya mto ni la dada yako Myeong-nan, aliyeniosha na kunilisha uji miaka yote hii wakati wengine mlikuwa mkinijulia hali kwa simu, na asitokee mtu akasema eti binti aliyeolewa hana fungu. Hayo ya mali ni mepesi. Linalonikaba ni jingine.

Mnajua kwamba umri wangu uliishia kwenye mchezo wa mateke wa bonde letu, ule ambao zamani, sikukuu ya mwezi wa tano, Kijiji cha Juu na Kijiji cha Chini waliucheza kwa kushindana mchangani, na aliyeangushwa ndiye aliyeshindwa. Nilipoanza kuuandika, aliyeujua wote alikuwa amebaki mmoja tu, Mzee Pyo mfuma mikeka, na wenzangu chuoni wakanicheka, wakaniita profesa wa mateke. Lakini mimi nilimwona, wanangu. Nilimwona uani kwake, pombe ya mchele imemchangamsha kidogo, hatua zake sawasawa kushoto na kulia, zikiyumba kama maji ndani ya bakuli lililobebwa na mtu mwangalifu. Nikaomba kamera chuoni, nikaomba tena, nikaambiwa nisubiri. Ndipo serikali ikaamuru paa za majani ziondolewe, yaezekwe mabati, na Mzee Pyo, mkaidi kama wazee wote wa kwetu, akakataa msaada, akapanda mwenyewe kuling'oa paa lake. Akaanguka, nyonga ya kushoto ikavunjika. Kamera ilipofika, theluji ilikuwa imeshayeyuka na yeye alikuwa anachechemea.

Nilimpiga filamu vivyo hivyo, kwa kuwa niliona kifo kinamnyemelea, na kweli hakumaliza mwaka. Kila mguu ule ulipoburuta alinigeukia akaniambia, "Huu si mchezo, mwalimu. Huu ni ugonjwa. Usiuandike." Filamu zetu za siku zile hazikuwa na sauti. Nikaeleza yote kitabuni, mwanzoni kabisa, kwa herufi nene, lakini nani asome kitabu penye filamu? Vijana wakajifunza kwa kutazama. Wakaburuta mguu wa kushoto, na wakifika pale aliponigeukia wanageuza shingo na kufumbua kinywa kitupu, wakisema ndiyo namna ya wahenga ya kutoa pumzi.

Nilimwendea Seok, mwenyekiti wa chama chao, nikamwomba kama mtu anayeomba maji. Akanikaribisha chai ya shayiri, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Profesa, mchezo umeshatambuliwa kuwa urithi wa taifa, na sheria inataka ubaki kama ulivyo kwenye filamu yako mwenyewe. Tukiunyoosha mguu tutavuliwa heshima hiyo. Unataka tuuzike?" Nikaenda kwa wakubwa wa urithi, wakanidai ushahidi, na ushahidi waliokuwa nao ni filamu ile ile. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu alisema, wanangu, alisema waziwazi mbele yangu, filamu ikawa bubu, na sasa bonde zima limevunjika guu.

Seung-u, mjukuu wangu, simama. Wewe ni mwalimu wao, nionyeshe hapa mbele ya godoro. Hapana, usiuburute. Unyanyue, uushushe taratibu kama ule wa kulia. Hapana. Tena. Mbona umeinamisha kichwa? Unasema, "Babu, mwili haukubali." Najua. Samaki mkunje angali mbichi, na wewe ulikunjwa ungali mtoto. Nami siwezi kukuonyesha, kwa sababu niliona kwa macho tu, sikuwahi kurusha teke hata moja, na macho hayawezi kuifundisha miguu. Nikifumba haya macho, hatua ile imekwisha duniani. Inaniuma, wanangu. Inaniuma kuliko kifua.

Myeong-nan, maji. Kidogo tu.

Nizikeni kilimani, ubavuni mwa mama yenu. Seok atakuja na watu wake na ngoma zao. Sijamsamehe, lakini mlisheni supu ya nyama, mmimine kinywaji kwa mikono miwili, ugomvi wangu usiwe urithi wenu. Watacheza mbele ya jeneza. Seung-u, tangulia wewe. Buruta mguu, hakuna namna. Ila ukifika pale pa kufumbua kinywa, usikifumbue kitupu. Sema maneno yake. Huu si mchezo, huu ni ugonjwa. Sheria imefunga hatua, haikufunga sauti.

Hawatakuelewa. Watadhani ni wimbo wa mchezo, mwakani watauimba wote, na watoto wao baada yao. Na waimbe. Sina jingine la kufanya.

Mababu wawaitikie mnapowaita. Mpendane. Deok-hwan, mtazame dada yako. Mpunga wenu ujae... watoto wenu wakanyage ardhi sawasawa...

Nimechoka. Seung-u, yaseme, niyasikie. Polepole.

Na mnifunike miguu. Yote miwili.